Mama Mkwe Kwenye Barabara ya Kalenga

Miguu yangu ilitengenezwa na cherehani. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi mbio huwa nawajibu hivyo, nao hucheka wakidhani ni mzaha wa fundi. Lakini hebu fikiria. Miaka sita nilikaa kwenye baraza ya duka moja pale Mbeya mjini, tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, nikikanyaga kile kibao cha chuma cha cherehani, kisigino chini, vidole chini. Nilishona kanzu, suruali za makarani, sare za shule, mapazia ya wazungu wa boma. Miguu ilifanya kazi kutwa nzima, na jioni ilikuwa palepale ilipoanzia. Nadhani ilikuwa imenikasirikia.

Duka lilikuwa la tajiri wangu, ndivyo sisi mafundi tulivyomwita mwenye duka. Alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Bagamoyo. Baba yake alipanda huku bara na biashara ya chumvi na nguo, akazoea, akazikwa huku. Yeye mwenyewe alizaliwa Mbeya, lakini baridi ya Mbeya aliilaani kila asubuhi kama mgeni aliyeshuka jana kwenye basi. Juu ya kanzu alivaa koti la sufu, na ndani ya koti aliweka saa ya mfukoni ambayo hakumwazima mtu.

Habari ya maratoni ililetwa barazani na askari polisi mmoja mrefu, mwenye sauti ya gwaride, aliyekuja kushonewa bukta.

"Usiibane, fundi," alisema. "Mapaja yanataka hewa."

"Ya mpira?"

"Ya mbio. Maili ishirini na sita na ushei, kwa mkupuo mmoja. Iringa, baada ya mavuno. Wa kwanza na wa pili wanakwenda Dar es Salaam kukimbia na watu wa nchi nzima."

Nikamuuliza kama ni mbio za polisi peke yao. Akanitazama pale nilipokaa, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni.

"Mtu yeyote mwenye miguu anaruhusiwa," alisema. "Lakini raia hawaziwezi."

Mimi nina hasira za karibu, mke wangu ni shahidi. Bukta yake niliishona vizuri, mshono mara mbili, kisha kwa kipande kilichobaki cha kitambaa kilekile nikashona nyingine ya kiuno changu. Jioni ile nilimwambia mke wangu nakwenda Dar es Salaam. Akauliza kwa basi la lini. Nikamwambia kwa miguu, kupitia Iringa. Akaniwekea ugali mezani, maana ananijua.

Nilichokitaka nakisema wazi, ingawa sasa ni mzee na jambo lenyewe linaweza kuonekana dogo. Nilitaka kuwa wa kwanza au wa pili. Nilitaka siku moja niketi ndani ya gari linalokwenda mahali, na aliyenipeleka awe ni mimi mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kabla jua halijachomoza, nikashika barabara ya kwenda Iyunga. Mvua zilikuwa hazijaisha, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi mpaka usione mlima hata mmoja, mahali ambapo milima ndiyo kila kitu. Nilikimbia kama maili mbili hivi nikaanza kusikia nyayo nyuma yangu. Nikageuka. Wanawake watano, majembe begani, wananifuata mbiombio. Nikasimama, nao wakasimama. Mmoja alikuwa tayari ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni nani?" aliuliza kwa sauti ya kulia. "Amefariki nani?"

Ndipo nilipoelewa. Kwa watu wetu, mtu mzima anayekimbia alfajiri amebeba habari ya msiba. Kama si msiba, ni mwizi. Niliwaeleza kwamba hakuna aliyekufa, kwamba nafanya mazoezi ya mbio za Iringa, na yule aliyeshika kichwa alikasirika kweli. Alikuwa ameshaanza kulia, na sasa hakuwa na wa kumlilia. Walinisindikiza kwa matusi mpaka nikapotea kwenye ukungu.

Tajiri alipoipata habari hiyo alicheka mpaka akavua kofia.

"Sasa, fundi," alisema, "ukiona watu, wahi wewe. Wapigie kelele kwamba ni heri. Usiwaue watu kwa hofu."

Ndivyo nilivyoanza. Kila nilipokaribia nyumba, au watu shambani, nilipaza sauti: "Heri tu, jamani! Heri tu!" Ikawa desturi mpaka nikawa siwezi kukimbia bila kusema. Watoto wa njia ya Iyunga walinipa jina hilo, Heritu, na wengine walilifuata mpaka barazani. Nilikasirika wiki moja nikazoea.

Miezi ikaenda. Kwanza nilifika Iyunga na kurudi nikiwa nataka kutapika. Kisha Mbalizi. Kisha Mbalizi na kurudi na tena Iyunga na kurudi, nikihesabu mawe ya maili yaliyowekwa kando ya barabara. Kuna jambo lilitokea kifuani mwangu mwezi wa nne au wa tano ambalo mpaka leo sijalipatia maneno ya kutosha. Siku moja, baada ya jiwe la kumi na mbili, pumzi iliyokuwa ikinikata ikaacha kunikata. Nilisubiri maumivu yarudi, hayakurudi. Nilijisikiliza kama mtu anayesikiliza ndani ya nyumba ya watu. Mwili huu nilioushonea nguo, nilioulaza na kuulisha miaka yote, ulikuwa na chumba kingine ambacho hakuna aliyewahi kunionyesha. Nilistaajabu mpaka nikaogopa kidogo.

Jumapili moja ya mwezi wa sita nikapanda barabara ya Chunya, ile inayozunguka nyuma ya mlima na kupanda mpaka juu kabisa ambako hakuna mtu anayelima. Baridi ilikuwa imekausha majani, umande umeganda mweupe juu yake na unalia chini ya raba. Sikukutana na mtu wa kumwambia heri. Nilipofika juu mawingu yalikuwa chini yangu, na yalipopasuka nikaiona Usangu yote, bonde lile, tambarare mpaka macho yanaposhindwa, na mto mmoja ukimetameta kama uzi ulioanguka sakafuni. Nilisimama na mikono kichwani. Nilikuwa nimeishi Mbeya miaka yote hiyo nikijua Usangu ni mahali mchele unapotoka. Sikujua ni kukubwa hivyo. Nililia, na sioni haya kusema, maana hakuna aliyenicheka isipokuwa kunguru.

Tajiri alianza kunipima kwa saa yake. Aliniambia anafanya hivyo kwa sababu ya duka, ili ajue nitafika barazani lini, lakini nilimwona alivyokuwa akinisubiri kwenye daraja la Mbalizi juu ya baiskeli, koti limefungwa mpaka kidevuni, akiitoa saa na kuirudisha.

"Umepunguza dakika nne, bwana wewe!" alipiga kelele siku moja, akaisahau baiskeli yake imeegemea ukingo wa daraja, akanifuata kwa miguu hatua ishirini nzima, kanzu mkononi.

Sasa lazima niwaeleze habari ya wakwe, maana bila hiyo yaliyotokea Iringa hayataeleweka.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, mke wangu ni Mhehe. Kwetu, mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali huacha njia, huingia migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Kwao mke wangu, heshima kama hiyo ilikuwa kati ya mume na mama mkwe. Kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ya kujificha pande zote mbili. Siku ya harusi mama mkwe alikaa nyumba ya pili, nami nikaonyeshwa mlango wake. Uso wake sikuujua. Heshima hiyo huondolewa mtoto wa kwanza akizaliwa: mume hupeleka zawadi, mjukuu huwekwa mikononi mwa bibi, na hapo ndipo mnaweza kutazamana. Mpaka siku hiyo, mkikutana njiani, mkwe mdogo ndiye anayetoka barabarani na kumwachia mkubwa njia. Kumfanya mama mkwe aingie majanini kwa ajili yako ni utovu wa adabu usiosahaulika. Watakutajia hata kwenye matanga yako.

Kumtumia zawadi, hata hivyo, hakukukatazwa. Mwezi wa saba nilinunua dukani kwa tajiri shuka la pamba la kijani kibichi, nikalipinda mwenyewe. Uzi wa kijani ulikuwa umekwisha, nikalipinda kwa uzi mweupe, mshono mnene unaoonekana kutoka mbali. Mke wangu alilituma pamoja na barua, na barua ile mama yake alisomewa na katekista wa kijijini kwao. Ndani yake mke wangu aliandika kila kitu: kwamba mumewe atakimbia Iringa kwenye barabara ya Kalenga, siku fulani, asubuhi, kwamba akikimbia hupiga kelele "heri tu" na watu wasimdhanie kichaa, na kwamba yeye mwenyewe ana ujauzito wa miezi minne.

Tulifika Iringa kwa basi siku mbili kabla ya mbio, tukalala kwa mama mdogo wa mke wangu. Iringa ina upepo ambao Mbeya haina, upepo wa kukata masikio, na mawe makubwa yanakaa juu ya mji kana kwamba yanasubiri kitu. Asubuhi ya mbio tulisimama watu thelathini na kitu mbele ya boma, wengine na raba, wengine pekupeku, askari wangu mrefu akiwa amevaa bukta niliyoishona mimi. Aliniona na yangu. Akatazama mshono, akatazama kitambaa.

"Ah!" alisema. "Kumbe uliniibia kitambaa."

"Kilibaki," nilisema.

Njia ilikuwa rahisi: maili kumi na tatu na ushei kwa barabara ya Kalenga, mpaka kwenye pipa moja lililopakwa chokaa nyeupe na kuwekwa katikati ya barabara; unalizunguka pipa, unarudi ulikotoka. Wawili wa kwanza, Dar es Salaam.

Kijana mmoja wa palepale Iringa, mwepesi kama hana mifupa, alituacha mapema na hatukumwona tena ila kwa mbali. Mimi nilishika nafasi ya tatu, kisha, tulipoteremka kuelekea mtoni Kalenga, ya pili. Nilipita darajani nikisikia maji chini. Niliwapigia watu kelele zangu, "Heri tu!", na Wahehe walioweka majembe chini kunitazama wakaitikia kwa vicheko salamu yao, "Kamwene!" Nililizunguka lile pipa, nikaligusa kwa kiganja, na niliporudi nilikutana na askari akija, hatua mia moja hivi nyuma yangu. Hakunisalimu.

Nasema kweli, sijawahi kuwa na siku kama ile. Kile chumba cha ndani kilifunguka baada ya maili ya kumi na tano na nikakimbia humo. Jua lilikuwa limepata joto, upepo umenigeukia mgongoni, na nilijua kwa uhakika, jinsi ninavyojua nguo itamkaa mtu kabla hajaijaribu, kwamba wa pili ni mimi. Zilikuwa zimebaki maili tano.

Kwenye kona moja palikuwa na wanawake wakivuna maharage. Nikapaza sauti, "Heri tu, jamani!" Na palepale, mbele yangu, hatua hamsini, nikaona mgongo wa mwanamke anayetembea kuelekea mjini. Mrefu, tenga kubwa kichwani, mkono wa kushoto ukitupwa nje kidogo kila hatua, kama mke wangu anavyotupa. Amejifunga shuka la kijani kibichi. Na upindo wa shuka ulikuwa wa uzi mweupe.

Miguu ilitoka barabarani kabla akili haijaiambia. Nilijikuta nimechuchumaa kwenye majani marefu upande wa kulia, uso chini, moyo ukigonga. Lakini yeye alikuwa amesikia "heri tu". Alikuwa ameteremsha tenga, akaliacha ukingoni mwa barabara, akaingia majanini upande wa kushoto.

Barabara ikabaki tupu, na tenga peke yake juu yake.

Nilisubiri atoke apite, kama adabu inavyotaka. Hakutoka. Alikuwa akinisubiri mimi nipite, maana anayeshindana ni mimi. Nami nilikuwa siwezi kupita na kumwacha mama mkwe wangu kajibanza majanini kama mwizi wa kuku. Tukakaa. Nilihesabu pumzi zangu. Nikasema moyoni maneno ambayo mtu hamwambii mkwe wake.

"Tenga," sauti ya mwanamke ilisema, taratibu, bila haraka yoyote. "We tenga, umemuona kijana wa watu aliyejificha kule? Hebu mwambie barabara ni ya kwake."

Sikujua nicheke au nilie. Watu walio katika heshima ile hawazungumzi moja kwa moja. Huzungumza na kitu kilicho katikati.

"Tenga," nilisema, "mwambie mwenyewe siwezi kupita naye akiwa majanini. Atangulie yeye."

"Tenga, mwambie mimi sina mbio. Mwenye mbio ni yeye."

"Tenga, mwambie mbio zinaweza kungoja."

Huo ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Nyuma yangu nilisikia nyayo nzito, na askari akatokea kwenye kona. Akaniona nimechuchumaa.

"Tumbo, fundi?" aliuliza bila kupunguza mwendo. "Pole sana!"

Akapita. Niliona bukta yangu, mshono mara mbili, ikienda Dar es Salaam.

Nadhani upande wa pili mama mkwe alikuwa anawaza, maana alisikia yule akiniita fundi na alisikia akipita. Kisha majani yakatikisika.

"Tenga," alisema, na sasa sauti ilikuwa na ukali wa mama, "mimi nimegeuka. Nimejifunika. Nimekuwa kisiki, na kisiki hakionewi aibu. Mwambie apite! Na togwa iliyo juu yako ni ya anayekimbia."

Nilitoka. Pembeni mwa barabara, ndani ya majani, palikuwa na kitu cha kijani kilichojikunyata, kimenipa mgongo, upindo mweupe ukizunguka chini. Nilichukua kibuyu cha togwa, nikanywa mafunda mawili, tamu na chachu, nikakirudisha kwa mikono miwili. Nikakimbia.

Nilikimbia mpaka nikaona damu machoni. Mlima wa kuingia Iringa niliupanda kwa hasira tupu. Askari nilimwona, nikamsogelea, nikasikia anavyohema. Kamba ya mwisho aliikata mbele yangu kwa hatua kumi na moja. Nilizihesabu.

Wa tatu alipewa mkono na mzungu wa michezo, na taulo.

Mchana mke wangu alinikuta bado nimekaa nyuma ya boma, raba mkononi. Nilimwambia yote, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye nyasi. Nikamuuliza mama yake alitafuta nini barabarani.

"Ameshafika mjini, kanieleza. Alikuja kukuona," alisema. "Hajawahi kukuona. Alifikiri akijificha nyuma ya kichuguu wewe ukipita, atakuona na wewe hutamwona, na heshima itabaki."

"Ametoka wapi?"

"Nyumbani. Jana asubuhi alitoka, jioni akafika Kalenga, akalala kwa ndugu."

Nilimwambia hilo haliwezekani. Kijijini kwao gari halifiki. Ni njia ya miguu, vilima na mito, na watu husema ni mwendo wa siku mbili. Na mama yule alibeba tenga.

"Basi muulize tenga," alisema mke wangu, akaondoka.

Niliporudi Mbeya tajiri alinitazama usoni, akaitia saa mfukoni, akaagiza chai. Mwaka mzima niliendelea kukimbia asubuhi, lakini ndani nilikuwa na kinyongo. Kila nilipofika jiwe la ishirini na moja niliona shuka la kijani, nikajua mahali hasa Dar es Salaam iliponiponyoka.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Alipofikisha miezi mitano mke wangu alitangulia naye kwao, polepole, akilala njiani mara mbili. Mimi nilifuata baada ya wiki, nilipopata ruhusa. Zawadi zilikuwa zimetangulia. Tajiri aliniita barazani siku ya safari, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwazima mtu saa yake.

"Nenda kaipime ile njia," alisema. "Mimi pia inanisumbua."

Nililala Kalenga. Kulipopambazuka nikaweka shati na suruali kwenye kifuko kidogo mgongoni, nikaivaa ile bukta, nikaanza. Njia iliteremka, ikapanda, ikapotea kwenye mawe, ikaingia mto usio na daraja, ikapanda tena. Palikuwa na vilima vinne ambavyo kila kimoja nilidhani ni cha mwisho. Nilisimama mara ya kwanza kwenye mto wa pili. Nilisimama tena kwenye kilima cha tatu, nikakaa chini, na mbele yangu nchi ilikuwa imekunjamana kilima juu ya kilima mpaka buluu, na ndani ya hiyo buluu palikuwa na kijiji ambako mwanamke mmoja alikuwa amejitwika tenga asubuhi moja na kusema anakwenda kutazama mbio. Niliishiwa na kinyongo pale. Sikukitupa, nilipokitafuta hakikuwapo. Kilichokuwapo ni mshangao, mkubwa kuliko ule wa barabara ya Chunya.

Nilifika baada ya mwendo wa saa tano na nusu. Mbio za Iringa nilizikimbia kwa saa tatu na robo. Nilikuwa nimesimama mara saba, na mgongoni nilikuwa na shati na suruali.

Jioni ile walinikalisha ndani, mke wangu akamleta mama yake amefunikwa shuka la kijani, wakamketisha mbele yangu kwenye mkeka. Mtoto akawekwa mikononi mwake. Shuka likaondolewa. Nikauona uso: mwembamba, wa kawaida, na meno mawili ya mbele yaliyoachana. Alinitazama muda mrefu. Nilitegemea atasema jambo la heshima.

"Mkwe," alisema, "siku ile, mbona mlirudi?"

"Mama?"

"Niliwaona mnapita, mnakwenda mbio sana. Nikasema hawa wana jambo kubwa huko mbele, wataonekana jioni. Nikashika barabara nikamwone mwanangu. Mara wa kwanza akanipita anarudi, mikono mitupu. Nikadhani mmefukuzwa. Mlikwenda kufanya nini?"

"Tulizunguka pipa, mama."

Alilifikiria hilo. Alimtazama binti yake, akanitazama tena, na kwa huruma ambayo sitaisahau akaamua kutoniuliza zaidi.

Nami nikamuuliza lile nililolibeba kutoka Kalenga. Nilimwambia nimetoka kuikimbia njia yake, bila mzigo, na nimesimama mara saba. Yeye, na lile tenga, alipumzika wapi?

"Kupumzika?" Alimhamishia mtoto bega la pili, akawaza kwa uaminifu, kama mtu anayetaka kujibu sawasawa. "Jana yake sikupumzika, ningechelewa kukuona. Nilipumzika kesho yake. Pale majanini, mkwe, uliponikalisha."